Usingoje Sidii Ikwame

Mtu wa Pwani akihamia Nairobi hubeba mbuzi yake ya kukunia nazi, udi wake na nyimbo zake. Mbuzi hudumu. Udi ukisha, huletewa mwingine na jamaa anayekuja. Lakini nyimbo zina ajali zake, na ajali hizo aghalabu si zile tunazoziogopa.

Nilikwenda kumzuru mjomba wangu anayekaa Mowlem, mtaa wa Eastlands ulio jirani na Umoja na Dandora. Ni mtaa wa maghorofa yaliyosongamana, wa matatu zenye muziki wa kutikisa vioo vya madirisha, na wa vumbi. Vumbi hilo latoka barabarani, latoka katika majengo yasiyokwisha kujengwa, na upepo ukigeuka huja pamoja na moshi wa lile jaa kuu la takataka la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970.

Mjomba alikuwa akijitayarisha kwa harusi ya bintiye. Alikuwa ameteremsha sanduku la sidii lililokaa juu ya kabati miaka mingi, akitafuta nyimbo za kumpokea bwana harusi. Baada ya salamu hakunipa hata nafasi ya kunywa maji. "Mwanangu," aliniambia, "vumbi la huku limenimalizia nyimbo zangu zote."

Alinionyesha sidii mbili. Ya kwanza ilikuwa ya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1965 mpaka 1975, iliyotolewa Paris mwaka 2005 katika mfululizo uitwao Zanzibara. Ilikuwa chafu ya kutisha: alama za vidole, matone ya mafuta, vumbi lililoganda, na mikwaruzo kila upande. Iliimba vizuri mpaka wimbo wa nne, kisha ikashika neno moja na kulirudia kama mtoto aliyekwama katika alifu zake.

Ya pili ilikuwa safi, yang'aa kama kioo. Hiyo haikununuliwa ikiwa na nyimbo. Ilinunuliwa tupu, ikatiwa sauti katika duka moja la Mombasa miaka ishirini hivi iliyopita. Ndani yake mlikuwa na sauti ya babu yangu, baba yake mjomba, akisoma maulidi nyumbani kwake katika miaka ya 1980. Asili yake ilikuwa kanda ya kaseti. Mwenye duka alisema kwamba sidii haifi, na kwa neno hilo kanda ikatupwa.

Tuliiosha ile chafu kwa maji na sabuni, tukaikausha, ikaimba mwanzo mpaka mwisho. Ile safi haikutoa hata sauti moja. Mashine iliizungusha, ikaizungusha, kisha ikaandika kwamba hamna kitu ndani.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wengi wetu tumekuwa tukiogopa adui asiyekuwa adui, na kumkaribisha nyumbani adui wa kweli.

AHADI YA MWAKA 1982

Sidii ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Oktoba 1982, ikiwa ni kazi ya makampuni mawili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Mwaka uliofuata ilifika Ulaya na Marekani. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haina sindano. Husomwa kwa mwale wa nuru ya leza, na nuru haikwaruzi. Kwa hiyo sidii haichakai kwa kupigwa. Neno hilo ni la kweli. Kosa lilikuwa la sisi wanunuzi, na la wauzaji waliotuachia tukosee, kudhani kwamba kitu kisichochakaa kwa kupigwa hakifi kwa sababu nyingine yoyote.

Wazee wetu waliozoea santuri walikuwa na bahati moja ambayo hawakuijua. Santuri ikichafuka hulia: hutatarika kama mafuta yaliyoingia maji. Kanda nayo ikizeeka hupwaya, sauti ikawa nzito, ikavuma. Mwenyewe akasikia, akashtuka, akatafuta nakala nyingine mapema. Chombo cha zamani kilipougua kiliugua hadharani.

Sidii haina tabia hiyo. Sidii huficha maradhi yake.

SHEHENA KATIKA MAJAHAZI MENGI

Tazama jinsi ilivyoundwa. Ndani ya ile sahani yenye upana wa milimita 120 mna njia moja iliyojizungusha kama kamba iliyopangwa sitahani, ikianzia katikati na kuishia ukingoni. Urefu wake wapita kilomita 5. Njia yenyewe ni nyembamba mno, hata unywele mmoja wa kichwani ukilazwa juu yake hufunika mizunguko kama arobaini. Katika njia hiyo mna vishimo vidogo visivyoonekana kwa jicho, na vishimo hivyo ndivyo tarakimu za sauti. Kwa kila sekunde moja ya wimbo, sauti imepimwa mara 44,100.

Waliotunga mpango huu walijua kwamba vumbi na vidole vya watu haviepukiki. Basi walifanya kama tajiri mwenye busara asiyepakia shehena yake yote katika jahazi moja. Punje za sauti zilizo jirani katika wimbo hazikuwekwa jirani katika sahani; zilitawanywa mbali mbali. Kisha ikaongezwa hesabu ya ziada, mfano wa daftari ya tajiri, ili jahazi moja likizama ijulikane ni nini kilichozama na kirudishwe kama kilivyokuwa.

Kwa mpango huo, pengo la kadiri ya milimita 2.5 katika njia hurudishwa lote, hata tarakimu moja isipotee. Pengo likizidi hapo, mashine hukisia: hutazama sauti iliyotangulia na inayofuata, ikatia iliyo baina yake. Likizidi tena, ndipo inaponyamaza, ikaruka au ikakwama.

Basi fikiri, msomaji. Baina ya sidii yenye afya na sidii mahututi, sikio halisikii tofauti. Leo yahesabiwa makosa machache, mwakani mengi, mwaka wa tatu mashine yakisia kila mara, na wewe wasikiliza umeketi kwa raha. Siku ya nne yakwama, nawe wasema imeharibika jana. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa kisomo cha Kurani jambo hili ni zito zaidi. Wimbo ukiruka neno, msikilizaji atacheka au atakasirika, basi. Lakini mashine ikiruka katikati ya aya, na asikilizaye ni mtoto anayehifadhi kwa kumfuatisha msomaji kama Abdul Basit au al-Husary, mtoto huyo atahifadhi na pengo lake. Mwenye sidii za kisomo nyumbani hana budi kuzisikiliza mwenyewe, msahafu ukiwa mkononi, kabla ya kumwachia mtoto.

VUMBI HALINA KOSA

Je, vumbi la Mowlem lina lawama gani? Kwa sahani yenyewe, lawama yake ni ndogo kuliko tulivyodhani. Uso ule unaong'aa si mahali palipoandikwa sauti. Ni dirisha tu, la plastiki ngumu yenye unene wa milimita 1.2. Mwale wa leza unapolipita dirisha hilo huwa bado mpana, kadiri ya milimita 0.8, kisha hujikusanya na kuwa ncha kali mle ndani. Punje ya vumbi iliyo juu ya dirisha huonekana na mwale kama ukungu, haizuii njia nzima. Ni sawa na mtu anayetazama bahari kupitia dirishani: uchafu mdogo wa kioo haumzuii kuiona meli.

Uchafu mwingi, alama za vidole zilizoenea na mafuta ya jikoni ndivyo vinavyozidi nguvu ya mashine. Navyo dawa yake ni kuosha, kama tulivyofanya.

Kosa kubwa ni lile tunalolifanya tukidhani twasafisha. Vumbi la barabarani ni mchanga uliosagika. Ukiifuta sidii kavu kwa pindo la shati, mchanga huo hugeuka msasa. Na wengi wetu hufuta kwa kuzungusha, kama tunavyofuta sahani ya chakula. Hilo ndilo baya zaidi. Mkwaruzo unaokatiza njia kutoka katikati kwenda ukingoni ni kama mtaro unaokatiza barabara: gari huruka na kuendelea, kwa sababu pengo ni fupi katika kila mzunguko. Mkwaruzo unaofuata mzunguko ni barabara iliyobebwa na maji maili nzima. Hapo hesabu ya ziada haitoshi. Vumbi lilikaa tu juu ya sahani. Shati ndilo lililochimba.

Pahali ambapo vumbi na moshi hudhuru kwa hakika ni ndani ya mashine. Mashine ina lenzi ndogo kuliko punje ya mbaazi, nayo ndiyo jicho lake. Moshi wa jaa, moshi wa makaa, hata moshi wa udi na ubani tunaoupenda, hutanda juu ya jicho hilo. Kipimo chake ni rahisi. Ikiwa sidii moja tu yakwama, ugonjwa ni wa sidii. Ikiwa zote zakwama, pamoja na mpya, ugonjwa ni wa jicho. Wangapi wamezitupa sidii nzima kwa kosa la mashine iliyofukizwa ubani kila Alhamisi usiku?

Kusema hivi si kudharau vumbi na moshi wa mitaa ile. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa karibu na jaa la Dandora. Katika watoto 328 waliopimwa, nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika duniani. Sahani huoshwa kwa sabuni. Damu ya mtoto haioshwi hivyo. Neno langu ni kwamba hata katika mtaa wenye vumbi kama huo, sanduku la nyimbo laweza kuokoka.

MGONGO NDIO WENYE ROHO

Sasa geuza sahani. Upande ule wenye jina na picha, ambao hatuujali, ndio wenye roho. Chini kidogo tu ya maandishi hayo mna utando wa madini, aghalabu alumini, unaorudisha nuru kwa jicho la mashine. Utando huo umefunikwa kwa vanishi nyembamba kuliko unywele, na juu yake wino. Hakuna kingine. Mkwaruzo wa upande wa dirisha waweza kusuguliwa na fundi, kwa kuwa plastiki ni nene. Mkwaruzo wa mgongoni ukifika kwenye madini umekwenda na sauti yenyewe, wala hakuna fundi wa kuirudisha.

Walakini desturi yetu ni kinyume. Twalaza sahani mezani kifudifudi kwa mgongo wake ili "tusiudhuru uso". Twaandika juu yake kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu. Twabandika karatasi ya gundi, kisha twaibandua, nayo huondoka na madini.

Kwa sisi wa Pwani kuna jambo jingine. Vanishi ikiwa na ufa, hewa ya chumvi na unyevu huingia, na alumini huliwa polepole kuanzia ukingoni. Ishike sidii mbele ya taa ukiielekezea mgongo. Ukiona vitone vya mwanga vikipenya kama nyota, jua kwamba kazi imekwisha kuanza.

Hata viwanda vya Ulaya havikuepuka ajali hii. Baina ya mwaka 1988 na 1993, kiwanda kimoja cha Blackburn, Uingereza, kilitoa sidii ambazo baadaye ziligeuka rangi ya shaba na kuacha kuimba. Walitumia fedha badala ya alumini, na vanishi yake haikuweza kuizuia salfa iliyokuwa katika karatasi za majalada. Wenye kuzihifadhi walizitunza kwa uangalifu katika majalada yake, na majalada ndiyo yaliyoziua.

SIDII ZA KUCHOMWA

Ile ya babu ilikufa kwa njia nyingine. Sidii inayotiwa sauti dukani au nyumbani haina vishimo. Ina rangi maalumu iliyopakwa ndani, na leza huichoma rangi hiyo ili ifanane na vishimo. Rangi ni rangi. Leso ikianikwa juani kila siku hupauka, na rangi ya sidii nayo hupauka kwa jua na joto. Mjomba alikuwa ameiheshimu sahani ile kuliko zote, akaiweka dirishani ndani ya kibweta cha kioo, mahali ambapo kila mgeni ataiona. Jua la asubuhi la Mowlem liliipiga kwa miaka. Heshima yake ndiyo iliyoiua.

Fikiri sasa ni vitu gani ambavyo watu wetu walivitia katika sidii za namna hiyo. Si nyimbo za dukani, kwa kuwa hizo zina ndugu zake kwingine. Ni maulidi ya nyumbani, kaswida za watoto wa chuo, mawaidha ya mashekhe waliokwisha kutangulia mbele ya haki, harusi, na sauti za wazee. Chenye nakala elfu tumekiweka katika sahani madhubuti, na chenye nakala moja tumekiweka katika sahani dhaifu.

NYIMBO ZETU ZIKO WAPI?

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, watu wa Pwani walianza kununua sauti zao wenyewe. Baadaye Mombasa ilitoa santuri zake, zikiwamo za lebo ya Mzuri. Zilipokuja kaseti, maduka ya Mombasa yalikuwa yakiweka kanda ya asili na kumtolea kila mteja nakala yake, moja moja. Kazi nyingi za akina Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Matano Juma na Maulidi Juma zilienea kwa njia hiyo, kutoka mkono hadi mkono.

Sidii za taarabu yetu, kwa sehemu kubwa, zilitolewa na wageni: London mwaka 1990 zilitoka za Zein na za Maulidi Juma, kisha Paris ukaja mfululizo wa Zanzibara. Twawashukuru. Lakini hazikutolewa nyingi kama za waimbaji wakubwa wa Ulaya, na siku hizi kompyuta na magari mengi mapya hayana pahali pa kuingizia sahani. Vijana husikiliza kwa simu, na si kila wimbo wa Mombasa ulioko huko, wala ulioko leo si lazima uwepo kesho. Juma Bhalo alifariki mwaka 2014. Kilichobaki ni kile kilichomo katika makabati yetu, Kibokoni, Malindi, Lamu, Pumwani na Mowlem.

LA KUFANYA

Kwanza, osha kabla ya kufuta. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, vidole laini, kisha suuza kwa maji safi yasiyo na mchanga. Kausha kwa kipande cha leso kuukuu ya pamba, kwa mistari iliyonyoka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Usitumie petroli, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hizo hula plastiki.

Pili, jicho la mashine mwachie fundi alifute kwa pamba na spiriti, naye asiitazame leza ikiwa inawaka, kwa kuwa hudhuru macho.

Tatu, ziweke sidii zimesimama ndani ya vibweta vyake, pakavu, mbali na jua na mbali na jiko. Zishike kwa ukingo.

Nne, na hili ndilo kubwa, toa nakala sasa, zikiwa bado zaimba. Mashine ndogo ya kusomea sidii inayochomekwa kwenye kompyuta si ghali mno, na programu zipo zinazosoma kila sehemu mara mbili na kulinganisha, zikakwambia waziwazi yale makosa ambayo redio ilikuwa ikikuficha. Anza na zile za kuchomwa. Chukua nakala kamili isiyopunguzwa, uiweke pahali pawili, pamoja pakiwa nyumba nyingine. Sikiliza nakala yote. Na asili usiitupe, iwe sidii, kanda au santuri, hata akwambie nani kwamba kipya hakifi.

Harusi ya Mowlem ilikwisha salama, na wimbo wa nne uliimbwa wote. Ile sahani ya babu mjomba aliifunga katika kitambaa cheupe akairudisha kabatini, kwa kuwa ina majina matukufu na haifai kwenda jaani. Kisha akaketi kimya, akaniuliza kama nakumbuka babu alikuwa akisoma vipi pale pa kusimama. Nilijaribu. Nilikumbuka sauti ya watu wakiitikia, lakini sauti yake mwenyewe sikuipata.

Ndugu msomaji, nawe bila shaka una sanduku lako juu ya kabati. Usingoje sidii ikwame. Ijumaa hii, baada ya sala na chakula, literemshe.